Waulizeni Kazi, Msiwaulize Safari

Juma lililopita nilisikiliza podikasti moja kwa saa nzima na dakika kumi. Mgeni wa siku ile alikuwa mama mmoja wa mwambao, mpishi wa shughuli, aliyeianza kazi hiyo akiwa binti mdogo wa kumshikia bibi yake upawa. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na haraka. Katika dakika ya tisa, akielezea kuku wa kupaka, akasema: "Kasimile naiweka kando, maana ikitiwa mapema yakatika." Mwendeshaji, kijana mchangamfu, akacheka. Akalirudia neno lile kama mtu aliyeokota kitu cha ajabu njiani, akawatafsiria wasikilizaji wake kwa Kiingereza, kisha akauliza: "Sasa mama, hebu tuambie, ni changamoto gani umekutana nazo katika safari yako?"

Mama akanyamaza kidogo. Ni kimya cha mtu aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango, akaambiwa nyumba ni ile ya pili. Kwa adabu ya watu wa kwao akajibu: "Changamoto zipo, mwanangu, lakini namshukuru Mungu." Tangu hapo hadi mwisho halikutoka neno jingine la jikoni. Nilipozima simu nilikuwa najua kwamba ana ndoto ya kufungua ukumbi wake, kwamba binti yake ndiye anayemwendeshea kurasa za mitandao, na kwamba anawaasa vijana wasikate tamaa. Sikuwa najua tui hukatika kwa sababu gani, wala jicho la mpishi hulitambuaje kabla halijakatika. Sikujua pia ni kwa hila gani wali wa watu 500 huiva juu na chini kwa pamoja, ndani ya sufuria moja, juu ya kuni.

Nimekereka, na sitaki kuuficha ukereketwa huu. Mazungumzo ya aina hii yamekuwa mengi siku hizi, Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Unguja: wapishi, waimbaji, mafundi wa ala, wasusi, wachoraji wa hina, manju wa ngoma. Wanaitwa mmoja mmoja mbele ya kipaza sauti, wanasifiwa, wanapigwa picha, wanarudi makwao. Kile walichokuja nacho wanarudi nacho vilevile, hakikuguswa. Dai langu ni moja: tunawauliza watu hawa habari za nafsi zao na tunaacha kuwauliza habari za kazi zao, na kwa kufanya hivyo tunaupoteza utajiri wa lugha ambao vyombo vyetu vya kunasia sauti vimekuja kwa wakati hasa kuuokoa.

Tazameni maswali yenyewe. Ni manne, na kila msikilizaji anayajua kwa moyo. La kwanza ni safari: "Tuambie safari yako." La pili ni changamoto. La tatu ni ujumbe kwa vijana. La nne ni wapi tunakupata mitandaoni. Hilo la kwanza hata Kiswahili chake kina walakini. Mswahili akiulizwa safari yake hukutajia basi au jahazi, alikotoka na alikolala. Aliyetaka kujua maisha ya mwenziwe alimwuliza, "Kazi hii uliipataje? Nani alikufunza?" Maswali hayo mawili yana mtu ndani yake, yana mwalimu, yana mahali na mwaka. Neno safari, katika maana hii ya kuazima, halina hata kimoja cha hivyo. Ni gunia lililo wazi pande zote mbili.

Swali lisilo na kitu huzaa jibu lisilo na kitu. Fanyeni jaribio hili jepesi. Chukueni mahojiano matatu, la mpishi, la mpiga dumbaki na la msusi wa mikeka. Futeni majina ya watu na majina ya kazi zao. Someni yaliyobaki. Wote watatu walianza kwa shida, wote hawakueleweka na jamaa zao, wote walivumilia, wote wanawaambia vijana wajiamini. Hamtaweza kutambua nani anashika mwiko na nani anashika ukindu. Ikiwa saa nzima ya maneno haitoshi kumtofautisha mpishi na msusi, basi hatukumhoji mpishi wala msusi. Tulijihoji wenyewe mara tatu.

Najua nawaandikia washairi, na huenda mmoja wenu anajiuliza haya yanatuhusu nini sisi wa vina na mizani. Yanatuhusu kuliko yanavyomhusu mtu mwingine yeyote. Msamiati wa lugha haukai kwenye kamusi. Kamusi ni ghala. Shamba liko kwa watu wanaofanya kazi. Ingieni jikoni tu, msiende mbali. Mwenye lugha ya dukani ana kupika, kuchemsha na kukaanga, basi. Mpishi ana kutokosa, ana kuunga, ana kubanika samaki kwa mabanzi mbele ya moto, ana kuvumbika muhogo katika majivu ya moto, ana kupalia makaa juu ya kifuniko ili mkate uive juu na chini. Mboga isiyotiwa tui wala mafuta kwake ni chukuchuku. Nazi ameikuna kwa mbuzi, amelikamua tui kwa kifumbu, ameitenga kasimile na tui la pili, na machicha yaliyobaki anajua yanakokwenda. Wali ukishika chini ya chungu ni ukoko, na wapo wanaouita utandu, na pengine akikupa nafasi atakuambia ni nani hupewa aukwangue na kwa nini.

Kila kitenzi hapo ni uamuzi. Anayesema kubanika hakusema kuchoma, na tofauti ya mawili hayo ni umbali wa samaki na moto. Mshairi anayejua vyote viwili ana picha mbili za mapenzi: moyo uliochomwa na moyo uliobanikwa, huu wa pili ukiiva polepole, ukipewa moto kwa mbali, ukigeuzwageuzwa na mtu anayejua afanyalo. Mshairi anayejua kuchoma tu atabaki kuchoma mioyo hadi kiyama. Halafu twalalamika kwamba mashairi ya siku hizi yanafanana.

Yupo aliyelielewa jambo hili kabla yetu sote. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), mwana wa Lamu, wengi humkumbuka kwa maneno aliyoyapendekeza, kama runinga na ngamizi, na wengine humkumbuka kwa kumcheka. Lakini kazi yake ninayoiona kubwa zaidi ni nyingine. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, aliutia ndani ya tenzi uundaji wa chombo cha Lamu na majina ya viungo vyake. Katika Umbuji wa Mnazi, wa mwaka 1985, aliufanyia mnazi vivyo hivyo, kuanzia ukuaji wake hadi matumizi ya kila sehemu yake. Mtu anaweza kuzisoma tenzi hizo kwa ladha ya ushairi na akatoka na istilahi za fani nzima. Nabhany alijua kwamba chombo cha mbao kikikosa waundaji, maneno yake nayo hufa pwani, yakiwa yameegeshwa kando ya mbao zinazooza. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Yeye aliuliza: vimeundwa kwa nini, na kila ubao unaitwaje? Swali hilo ndilo ninalolitafuta katika podikasti zetu na silioni.

Twende kwenye muziki, ambako kosa ni lile lile na limeongezewa dhuluma. Mwimbaji wa taarabu akiitwa kuhojiwa huulizwa kuhusu mipasho: ule wimbo ulimlenga nani, na yule hasimu wako mmepatana? Au huulizwa malipo, mavazi na ndoa. Haulizwi lahani. Haulizwi pale ubeti wa mizani nane kwa nane unapokutana na lahani usioitosha, nani huinama, mshairi au mwimbaji. Mpiga udi haulizwi nyuzi zake anazifunga kwa mpangilio gani, wala alijifunza makamu kwa sikio au kwa mwalimu. Wapiga kidumbaki wakiletwa, wataambiwa wapige kidogo "tuburudike", lakini hakuna atakayeuliza sanduku lile lenye uzi mmoja linatoaje sauti zaidi ya moja, wala kwa nini cherewa na mkwasa hazibadilishani kazi.

Na dhuluma yenyewe ni hii: mwimbaji huulizwa, "Wimbo huu uliutungaje?", huku utunzi ni wa mtu mwingine aliye hai au aliye kaburini. Taarabu ya Mombasa haielezeki bila washairi wake. Juma Bhalo aliimba mashairi ya Ahmad Nassir. Zein L'Abdin aliimba ya Nabhany. Watu wa zamani wa mji walijua sauti ni ya nani na maneno ni ya nani, na heshima iligawanywa kwa haki. Leo mwendeshaji hamjui mtunzi, mgeni naye, kwa haya au kwa raha ya sifa, hamtaji. Hivyo mshairi anafutwa mbele ya masikio ya maelfu, katika kipindi kinachojiita cha utamaduni. Sisi tulio washairi tukilinyamazia hili tutakuwa tumesaini kwa mkono wetu.

Hebu niwakumbushe bahati ambayo wenzetu wa kale hawakuwa nayo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, na kabla ya kujulikana kwa kuimba alikuwa akitembeza vyungu mjini akivinadi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo, na santuri zile ndizo zilizoieneza sauti yake mwambao mzima. Santuri ya enzi zile ilibeba kiasi cha dakika tatu kila upande. Dakika tatu! Ndani yake uliweza kutia wimbo, tena uliokatwa. Hukuweza kutia mazungumzo. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na tunamshukuru. Lakini fikirini: mwanamke aliyejua udongo na aliyejua lahani, ambaye huenda koo lake lilifunguliwa na kunadi vyungu barabarani. Ningetoa mengi nimsikie akieleza udongo gani hufaa kwa chungu cha kupikia na gani kwa mtungi, huchomwaje usipasuke, na alivyonadi, kwa maneno gani na kwa sauti gani. Chombo cha wakati wake hakikuwa na nafasi.

Chetu kina nafasi. Hicho ndicho kinachouma. Redio ilimbana mtangazaji kwa taarifa ya habari na matangazo ya biashara; podikasti haina mlinzi wa saa. Kifaa cha kunasia sauti ki mfukoni mwa kila mtu. Leo tunaweza kumkalisha bibi mpishi saa mbili, tatu, akazungumza kwa lahaja yake, na sauti ikabaki. Tumepewa bahari, tukachota kikombe, tena kikombe chenyewe tukakijaza povu.

Najua nitajibiwa. La kwanza litakuwa kwamba wasikilizaji hawayaelewi maneno hayo, na mwendeshaji ana wajibu wa kuwasaidia. Ni kweli, basi amsaidie msikilizaji kwa kumwuliza mgeni. "Mama, kasimile ni nini?" Maneno manne tu. Mama yule angesema kwa Kiswahili chake kwamba ni tui zito la mwanzo, lile linalokamuliwa kabla ya kuongeza maji mengi, na pengine angeongeza jambo ambalo hakuna kamusi iliyolinasa. Maelezo ya mwenye kazi kwa lugha yake mwenyewe ndiyo dhahabu ya mazungumzo yote. Anayekimbilia kutafsiri kwa Kiingereza hamsaidii mtu. Anamzuia mama asieleze na anamfundisha msikilizaji kwamba neno la mama halijakamilika mpaka lipate mdhamini kutoka ng'ambo.

La pili, nitaambiwa natetea usafi wa lugha. Hasha. Mpishi akisema blenda, frijipeni au jiko la gesi, asikatizwe wala asisahihishwe. Hayo ni maneno ya kazi yake, na kazi ndiyo iliyoyapa uraia. Nawaogopa pia wale wenzetu ambao wangemkalisha mama yule na kumfundisha Kiswahili sanifu. Anayemcheka kwa sababu neno lake ni la kizamani na anayemkemea kwa sababu neno lake ni la kigeni ni ndugu wa tumbo moja. Hakuna kati yao anayemsikiliza. Nalitetea neno lililo mdomoni mwa mwenye kazi, liwe limetoka wapi.

La tatu ndilo zito: kwamba kipindi kinahitaji wadhamini, wadhamini wanataka wasikilizaji wengi, na wasikilizaji wanataka kucheka na kulia, si kujua habari za kifumbu. Silidharau hili, mkate ni mkate. Lakini nani aliyethibitisha kwamba kazi haichekeshi wala hailizi? Mwulizeni mpishi wa harusi siku wali ulipoungua na wageni wamekwisha kukaa. Mtapata kicheko, mtapata machozi, na katikati yake mtapata majina ya moto, ya vyombo na ya watu. Mwulizeni mwimbaji siku uzi wa udi ulipokatika katikati ya ubeti. Nafsi ya mtu hujitokeza katika kazi yake akiwa hana habari kuwa anaitazamwa. Anayemwambia "jieleze" humfanya avae kanzu ya sikukuu. Anayemwambia "nionyeshe" humkuta na nguo zake za kila siku, ndizo zenye harufu yake.

Nisiishie kuwalaumu vijana wa vipaza sauti. Sisi wenyewe, malenga na wapenzi wa lugha, tumefanya nini? Tunabishana usiku kucha kama shairi lisilo na vina ni shairi, hoja ambayo imezeeka kuliko baadhi yetu, na asubuhi tunapita mbele ya mama lishe bila kumwuliza lile pambo la majani analokalishia chungu linaitwaje. Tukialikwa katika podikasti hizo hizo, tunajibu maswali manne kwa furaha na tunatangaza diwani zetu. Mara ngapi mshairi ameulizwa kuhusu safari yake akajibu, "Niulize nilivyoutengeneza ubeti huu"? Anayetaka wengine waulizwe kazi, na aanze kwa kudai kuulizwa ya kwake.

Ninayoyataka si makubwa. Nendeni na kinasa sauti mahali pa kazi; mlio wa mchi kinuni haudhuru mazungumzo, huyapa mwili. Ulizeni, "Hiki kinaitwaje?" na "Kwa nini hiki na si kile?" Mgeni akinyamaza, nanyi nyamazeni, neno la zamani huchukua muda kupanda ngazi. Mwacheni na lahaja yake. Kila wimbo unapotajwa, mtajeni mtunzi kwa jina lake. Na kipindi kikiisha, yaandikeni maneno mapya mliyoyasikia, matano au kumi, kwa maana alizozitoa mgeni mwenyewe, myaweke chini ya kipindi ambapo kila mtu atayaona. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, tunayo leo kwa sababu baada yake Mwalimu Sikujua bin Abdallah alishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaandikia maelezo, hata diwani ikatoka mwaka 1940. Ilichukua miaka 100 na bahati nyingi. Sisi tunahitaji dakika kumi baada ya kipindi.

Na mgeni alipwe. Aliyemlisha mwendeshaji maarifa ya miaka 40 asirudishwe kwa soda na asante.

Kwa kijana yule wa dakika ya tisa, sina chuki naye. Ana sauti nzuri na ana wasikilizaji wengi kuliko nitakaowahi kuwapata. Namwomba jambo moja tu: arudi kwa mama yule na aanzie pale alipomkatiza. Nami namwekea ubeti huu, auchukue bila malipo:

Mpishi akitamka, neno lake liacheni,
Msikimbie kucheka, mkalitupa pembeni,
Muulizeni hakika, ya kinu na ya mekoni,
Siku akishaondoka, lisiende kaburini.